Mkono wa Kushoto wa Zilizala

Watu walipomtazama Zilizala akiibuka ziwani na kuubomoa mji, hakuna aliyewaza kwamba ndani ya lile dubwana mlikuwa na mwanamume mwembamba mwenye matege, mpenda chai, anayeogopa panya. Na kwamba kabla dubwana halijainua mguu, mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yake na sindano mdomoni akilishona mgongo, hilo halikumpitia mtu akilini hata kidogo.

Pale kwenye kampuni ya filamu walimwita Fundi. Mume wake walimwita Kobe, maana nusu ya maisha yake aliishi ndani ya gamba. Walijuana kazini. Fundi alikuwa msichana aliyeletwa kuziba kwapa la Zilizala lililochanika, na akamkuta kijana amevaa dubwana zima, kichwa chake mwenyewe tu kikichungulia shingoni kama mtoto kwenye mbeleko. Kijana akamwambia, "Dada, ukinichoma, sema ni wewe. Humu ndani sijui ipi sindano na lipi joto." Fundi alicheka hadi sindano ikamponyoka. Basi mambo yakaanzia hapo, na watoto wakaja, na miji mingi ya makaratasi ikabomolewa.

Vazi lile lilikuwa la mpira mzito juu na sponji ndani, na mgongoni lilikuwa na zipu iliyofichwa chini ya safu ya miiba. Ili zipu isionekane kwenye picha, Fundi aliishona juu kwa uzi mnene. Aliyeingia hawezi kutoka mwenyewe, hata nyumba iwake moto. Macho ya dubwana yalikuwa ya kioo, hayaoni, kwa hiyo Kobe alichungulia kupitia matundu madogo ya shingoni. Feni ndogo ya betri ilimpulizia hewa kifuani, na kidude cha redio sikioni kilimletea maagizo. Yeye kusikia aliweza, ila sauti yake haikutoka nje. Alichosema kiliishia kwenye sponji.

Ndiyo maana wale wawili walikuwa na ishara yao. Mkono wa kushoto ukipanda juu ya bega, Fundi anakuja na mkasi. Siku ya kwanza walipoitumia, maji ya ziwa la bandia yalikuwa yameingia ndani hadi kidevuni. Tangu hapo, katika filamu zote, Zilizala hakuwahi kuinua mkono wa kushoto juu ya bega. Mashabiki waliliona hilo wakalitafutia maelezo yao: wengine walisema ni jeraha la kale, wengine walisema ameuhifadhi kwa adui mkubwa. Kobe alizisoma habari hizo akicheka peke yake.

Kisha kompyuta zikaja, na dubwana likaanza kuchorwa. Kobe akastaafu. Vazi likawekwa stoo, likafunikwa turubai. Kwa miaka kadhaa alipiga soga na majirani na kumwagilia maua ya ngazini, na Fundi akashona sare za shule. Ni katika miaka hiyo ngazi za nyumba yao zilipoanza kumshinda Kobe. Alifika ghorofa ya pili akasimama, mkono ukutani, akijifanya anasikiliza redio ya jirani. Fundi alimwona mara ya kwanza akanyamaza. Mara ya pili akamwambia waende hospitali. Kobe akasema ni uzee, na uzee hauna sindano.

Simu ilipigwa asubuhi moja wakiwa mezani. Kampuni ilikuwa inatengeneza filamu ya familia, ya vikaragosi: baba, mama na watoto wao wa kitambaa wanamtafuta mbwa wao aliyepotea, na njiani wanajikuta ndani ya filamu za watu wengine. Wanamkuta mpelelezi kwenye filamu ya mpelelezi, wanakutana na maharamia kwenye filamu ya maharamia. Wakifika mji wa ziwani, maji yanatikisika, Zilizala anaibuka. Badala ya kuwakanyaga, anaruka kigari chao na kwenda zake. Ni jambo la kufumba na kufumbua, lakini mwongozaji alilitaka kwa vazi lenyewe, na kwa mtu mwenyewe.

"Kompyuta inamchora vizuri tu," mwongozaji alimwambia Kobe kwenye simu. Alikuwa mwanamke kijana, mpole wa maneno, aliyekulia kwenye filamu hizo hizo. "Lakini haijui anavyotembea. Mzee, mimi nilikuwa najificha chini ya kiti kwa ajili yako."

Kobe alipoweka simu chini uso wake ulikuwa umechangamka kama wa bwana harusi. Fundi aliendelea kupaka siagi mkate.

"Hutaingia mle," akasema.

"Ni hatua chache tu, mama watoto."

"Ngazi nazo ni chache."

Walibishana siku nzima, na kesho yake, na Kobe akatia pamba masikioni. Daktari wa kampuni akampima akiwa ameketi, amepumzika, na bila shaka alimwona mzima. Kuhusu ngazi hakuulizwa, naye hakusema. Usiku ule Fundi alimwambia atakwenda kuwaeleza yeye mwenyewe. Kobe hakufoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema taratibu, "Niliondoka pale bila hata mtu kusema kwaheri. Walizima taa tu. Niache niage."

Fundi akakubali kwa sharti moja, kwamba atamshona yeye na si mwingine, na atasimama karibu, mkasi ukimning'inia shingoni. Alijua anafanya kosa. Lakini wapo watu ambao ukiwakataza kitu kimoja unawanyang'anya vyote, na mumewe alikuwa wa aina hiyo.

Siku ya kupiga picha, ukumbi ulikuwa na joto la taa kubwa na harufu ya gundi. Mji mdogo ulikuwa umesimama juu ya jukwaa: posta, shule, maduka, nyaya za umeme za uzi mweusi, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza visivyozidi upana wa kiganja. Mafundi wa mji walikuwa wameuhangaikia kwa miezi. Mbele yake ziwa, na katikati barabara ambayo kigari cha vikaragosi kingepita kikivutwa kwa waya.

Fundi alianza kumshona mumewe. Mpira ulikuwa umekakamaa kwa kukaa stoo, sindano iligoma, ilibidi aisukume kwa kikofia cha chuma cha kidoleni. Alipofika kwenye kisogo, Kobe akasema kutoka ndani, kichwa cha dubwana kikiwa bado hakijawekwa, "Unanifunga kama gunia la mahindi."

"Mahindi yana akili. Hayakubali kurudishwa guniani."

Kobe akacheka, kisha akakohoa. Fundi akasubiri kikohozi kiishe. Kilichukua muda.

"Mkono wa kushoto," akamnong'oneza.

"Najua. Mimi ndiye niliyeibuni ishara hiyo."

Kichwa kikawekwa, na mume wake akatoweka. Ukumbi wote ukasimamisha kazi. Hata wapanda ngazi wa taa, watu wasioshangaa kitu, waliteremka kumtazama Zilizala amesimama tena.

Fundi akaenda bombani kulowesha taulo la kumwekea shingoni atakapotoka. Hakukawia, lakini alikawia vya kutosha. Alipokuwa huko, mwongozaji alipata wazo. Alishika kipaza sauti akamwambia Kobe sikioni: ukishavuka kigari, geuka, uwapungie wale vikaragosi mkono. Kwa kuwa kamera ilikuwa upande wa kulia, akasema apunge wa kushoto, usije ukaziba uso.

Moshi ukaachiwa. Maji yakatikisika. Zilizala akaibuka, akapanda ukingo wa ziwa kwa ule mwendo wake wa kuburura mguu, mkia ukifagia nyuma, na watu waliokuwa watoto zamani wakarudi nyuma hatua bila kujua. Akakivuka kigari. Akageuka. Mkono wa kushoto ukapanda, ukapita bega, ukaenda juu.

Fundi hakuwaza. Taulo lilianguka, miguu ikaondoka yenyewe. Alipanda jukwaani akaikanyaga posta, akaipasua shule kwa goti, akafika mgongoni na mkasi ukaanza kukata. Uzi ukakatika, zipu ikashuka, mvuke wa jasho ukamgonga usoni, akatumbukiza mikono na kumvuta mumewe kwa mabega.

Kobe alitoa kichwa, uso umelowa, macho yamemtoka. "Kuna nini? Kuna moto?"

"Umeinua mkono."

"Nimeambiwa niinue!"

Mtu mmoja nyuma ya kamera akaguna, mwingine akashindwa kuzuia kicheko, kikaenea. Fundi alisimama katikati ya mji, kipande cha paa la posta kimemnasa kwenye kiatu. Mafundi wa mji hawakucheka. Mmoja wao alikuwa tayari amepiga magoti akiokota madirisha.

Mwongozaji hakumfokea, na hilo lilimuuma Fundi kuliko matusi. "Ni kosa langu, sikukuambia," alisema. "Lakini ungeuliza kwanza." Akaamuru posta na shule zirekebishwe, na kamera ihamishwe upande wa pili, ili safari ijayo Zilizala apunge mkono wa kulia na kusiwe na mkanganyiko tena.

Waliketi kando kwenye masanduku. Kobe alikuwa na vazi hadi kiunoni, anatiririka. Fundi alimpa maji, akayanywa bila kumtazama.

"Umeniaibisha," akasema.

"Lala kidogo chini."

"Nilale mbele yao? Wanitazame vizuri?"

Midomo yake ilikuwa imepauka. Fundi aliliona hilo, akainuka. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa mwongozaji, ameshakata shauri: atasema kila kitu, ngazi, kikohozi, mkono ukutani. Akafungua mdomo. Mwongozaji akageuka akamwahi, kwa upole ule ule, "Fundi, naomba safari hii ukae nyuma ya kamba. Tafadhali. Mji hauwezi kujengwa mara ya tatu."

Watu walikuwa wanasikiliza. Fundi aliliona paa la posta mkononi mwa yule fundi wa mji, likibandikwa gundi. Akahisi uso unamwaka.

"Sawa," akasema, na yale mengine akayameza.

Alimshona tena. Safari hii alishona kwa haraka na mshono haukunyooka. Kobe hakutoa mzaha wowote. Kichwa kikawekwa. Fundi akaenda nyuma ya kamba, na msaidizi wa mwongozaji, mwanamume mnene mwenye huruma usoni, akaja kusimama ubavuni kwake, kama mtu anayelinda geti.

Moshi. Maji. Zilizala akaibuka.

Mwendo ulikuwa mzito zaidi, na kwenye kioo cha kamera uzito ule ulipendeza. Kigari kikaja na vikaragosi wake wakitikisa vichwa. Zilizala akainua mguu, akauweka hewani kidogo, akauvusha. Akageuka. Mkono wa kulia ukapanda na kupunga, polepole, kama mtu anayejaribu jambo asilowahi kulifanya. Ukumbi mzima ulitabasamu gizani.

Na mkono wa kushoto nao ukapanda.

"Miwili," mwongozaji alinong'ona. "Jamani, anapunga yote miwili. Mwacheni, mwacheni aendelee."

Fundi alishika kamba. Aliwaza kwamba Kobe anaongeza chumvi, maana hiyo ilikuwa tabia yake: ukimwambia avunje nyumba moja atavunja mbili. Aliwaza kwamba ana hasira naye na sasa anamkejeli mbele za watu. Aliiwaza posta. Akawatazama watu waliokuwa wanatabasamu, wote wenye akili zao, wote wanaona kitu kile kile anachokiona yeye, na hakuna aliyeshtuka. Akajiambia, subiri. Akasubiri. Mikono ilipunga, wa kulia na wa kushoto, kisha wa kulia ukashuka na kuning'inia. Wa kushoto ukabaki juu.

Mkono wa kulia ndio waliokubaliana kuupunga. Wa kushoto haukubadilishiwa maana na mtu yeyote.

Akainama chini ya kamba. Msaidizi akamdaka aproni. "Fundi, tafadhali, mama yangu, subiri kidogo tu." Fundi akalifungua fundo kiunoni, akamwachia aproni mkononi, akakimbia. Aliwasikia wakipiga kelele nyuma yake. Safari hii hakuikanyaga posta, wala hakujua aliikwepaje. Alipofika, magoti ya Zilizala yalikuwa yanajikunja, na lile dubwana likaangukia ukingoni mwa ziwa kwa uzito wake wote, likamlaza Kobe ubavu kwenye maji ya kina cha kifundo.

Zipu ilikwama kwenye mshono wake mwenyewe, ule uliopinda. Alikata uzi, ikakwama tena. Basi akaacha zipu, akauchoma mpira wenyewe kwa ncha ya mkasi, mpira alioutunza ujana wake wote, akauchana kutoka kisogoni hadi kiunoni kama mtu anayepasua samaki. Ndani mlikuwa kimya, hakuna mlio wa feni. Joto lililotoka lilikuwa kama la tanuri. Mikono mingine ikaja, ya msaidizi, ya mafundi wa mji, wakamvuta Kobe nje, mwili umelegea, uso una rangi ya majivu, wakamlaza barabarani baina ya posta na shule.

Fundi alimpiga mashavu. Akamwita kwa jina lake halisi, ambalo pale kazini hakuna aliyewahi kulisikia. Mwongozaji alikuwa amepiga magoti upande wa pili, ameshika mkono wa Kobe, akisema hajui, hakujua, hakujua. Kifua kilikuwa kimetulia mno. Kisha kikapanda, kikakwaruza, kikapanda tena.

Hospitali walisema ni moyo, na kwamba ulikuwa ukilalamika kwa muda mrefu. Walisema pia kwamba dakika chache zaidi mle ndani na wasingekuwa na la kufanya. Fundi alisikiliza akiwa amekaa kwenye benchi la korido, nguo zimemkaukia mwilini. Binti yao mkubwa alipofika akamuuliza, "Mama, ulikuwa unajua?" Fundi akajibu ndiyo. Binti akakaa kando yake. Wakakaa hivyo hadi walipoitwa.

Baada ya siku kadhaa, Kobe akiwa ameshaanza kulalamikia chai ya hospitali, mwongozaji alikuja. Hakuleta maua wala matunda, alikuja tu, macho yamemwingia ndani. Alisema hana haki ya kuuliza anachokuja kuuliza. Zile picha za mara ya pili ndizo pekee walizonazo, maana vazi limechanika na mwenyewe yuko kitandani. Zinakatika kabla hajaanguka. Asiyejua hawezi kujua. Wakikataa, atazifuta, na Zilizala hatakuwamo kwenye filamu.

"Futa," Fundi akasema.

"Ziache," Kobe akasema.

Mwongozaji akatoka nje awaache wazungumze.

"Pale ulikuwa unakufa," Fundi akamwambia. "Unataka watoto walipe tiketi wacheke unavyokufa?"

Kobe alivuta pumzi kupitia mpira wa puani. "Miji niliyoikanyaga sina idadi. Sijawahi kumpungia mtu hata mmoja. Ule mkono wa kulia nilikuwa napunga kweli, mama watoto. Nilikuwa nimefurahi."

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto nilikuwa nakuita."

"Nilikuona. Nikasimama." Akakunja pindo la shuka. "Niliona nikasimama, kwa sababu ya aibu."

"Nilijua unasimama. Niliweza kukuona tunduni, na ile kamba yako." Akanyoosha mkono akamgusa kiwiko. "Nilikuwa najiambia, huyu leo nimemkasirisha, lakini atakuja. Nikauacha mkono juu."

Fundi akageukia dirisha akalia, na Kobe hakumzuia. Alipomaliza, alifungua mlango akamwambia mwongozaji, "Mkono ni wake. Amesema uziache."

Filamu ilipotoka, binti yao aliwachukua na wajukuu wote kwenda kuiona. Kobe alivaa shati la kupigwa pasi na kupanda ngazi za ukumbi akipumzika kila baada ya chache, waziwazi, bila kujificha. Ukumbi ulijaa watoto na bisi. Mpelelezi akapita, maharamia wakapita, kisha maji ya ziwa yakatikisika na watoto wakaanza kutulia mmoja mmoja.

Zilizala alipogeuka na kupunga, ukumbi mzima ulicheka kicheko cha kushusha pumzi, kisha mtoto mmoja mbele akainua mikono yake yote miwili. Jirani yake akainua. Ikaenda safu kwa safu, mikono midogo gizani, ikimpungia dubwana. Mjukuu mdogo alikuwa amesimama juu ya kiti. Kobe alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamshuka.

Fundi alikuwa ameshainuka. Alipita mbele ya magoti ya watu akiomba radhi, akasukuma mlango, akasimama koridoni penye mwanga, mkono ukutani. Kutoka ndani alizisikia kelele za watoto.

Mwanamke aliyekagua tiketi akamtazama kwa wasiwasi. "Vipi mama, filamu mbaya?"

"Nzuri," Fundi akasema. "Nzuri sana. Hicho kipande tu ndicho siwezi."

"Cha Zilizala? Wenzako wanakuja kwa ajili ya hicho."

"Najua."

Mwanamke yule akamsogezea kiti, naye akaketi. Wakazungumza habari za miguu, jinsi inavyovimba kwa kusimama siku nzima, na Fundi akamweleza namna ya kushona soksi zisizobana. Vicheko vipya viliposikika, vya mambo mengine, alishukuru, akainuka, akarudi ndani kutafuta kiti chake gizani. Kobe alikuwa amekiwekea kofia asikikalie mtu. Akaiondoa, na Fundi akakaa, wakaendelea kumtafuta mbwa.